Haiwaki, Huwasha: Jibu la Maabara Linalopotelea Kawangware

Kawangware biashara hupakana ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe mara nyingi ni bati au ubao. Kwenye ploti moja utakuta agroveti inayopima mbolea kwa kilo, saluni, kibanda cha makaa, fundi wa mbao aliyezungukwa na vumbi la randa, na duka linalouza mafuta taa kwa chupa. Moto ukizuka, lawama huenda kwa stima iliyounganishwa kiholela, kwa jiko au kwa mtungi wa gesi, na mara nyingi wanaolaumu hawajakosea. Ila ipo jamii nyingine ya bidhaa isiyotajwa katika mazungumzo hayo, kwa kuwa yenyewe si kuni wala si mafuta. Ni unga, chembe na vidonge ambavyo vikiachwa peke yake havifanyi lolote, lakini vikikutana na kitu kinachoungua huufanya moto uende kwa kasi isiyozimika kirahisi.

Wanakemia huziita vioksidishaji. Kwa kila kemikali ya aina hii inayosafirishwa kihalali duniani, kuna swali ambalo maabara hulazimika kulijibu kabla haijapanda meli au lori: inauchochea moto kwa kiasi gani? Swali hilo lina kipimo chake, chenye mizani, saa na waya wa moto, na jibu lake huchapishwa kwenye gunia au ndoo. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba maabara imekwisha kufanya kazi yake, na imeifanya vizuri. Jibu hupotea baadaye, pale gunia linapofunguliwa na bidhaa kupimwa upya kwenye karatasi ya nailoni.

Tuanze na jambo lenyewe. Makaa ya jikoni huungua kwa oksijeni ya hewani, ambayo ni takriban asilimia 21 tu ya hewa tunayovuta. Ukilifunika jiko, oksijeni inakwisha na makaa yanazimika. Kioksidishaji hakina haja ya hewa hiyo. Kimebeba oksijeni, au elementi nyingine yenye tabia kama yake, ndani ya molekuli zake, na kikipata joto huikabidhi kwa karatasi, mbao, mafuta, sukari au nguo iliyo karibu. Hatari yake basi haiko ndani yake peke yake. Iko kwenye ujirani.

Ushahidi uko ndani ya kila nyumba. Kichwa cha kijiti cha kiberiti kina potasiamu kloreti, kioksidishaji kikali, na ubavu wa kisanduku una fosforasi nyekundu. Wavumbuzi wa Uswidi wa karne ya 19 waliona kwamba vitu hivyo viwili vikitenganishwa, kiberiti hukaa mfukoni bila kuwaka ovyo. Usalama wote wa kiberiti umejengwa juu ya utengano huo wa sentimita chache.

Sasa tazama maduka yetu. Klorini ya unga inayotumika kwenye mabwawa ya kuogelea ya Lavington na Kileleshwa, umbali wa matembezi tu kutoka Kawangware, kwa kawaida ni kalsiamu haipokloraiti, na watu wa Kawangware huinunua kidogokidogo kwa kusafisha choo na matangi ya maji. Unga wa blichi wa saluni, ule unaokorogwa na peroksaidi ili kupausha nywele, una chumvi za pasalfeti. Fuwele za zambarau za potasiamu pamanganeti, ambazo akina mama wengi wa Nairobi wamezitumia kuoshea mboga, zimo katika jamii hiyohiyo. Zimo pia baadhi ya poda za kuondoa madoa ya nguo, na baadhi ya mbolea. Hakuna hata moja kati ya bidhaa hizi inayostahili kuogopwa kama bomu. Kila moja inastahili kujulikana.

Namna ya kuzijua imeelezwa katika Mwongozo wa Majaribio na Vigezo wa Umoja wa Mataifa. Kipimo cha zamani cha yabisi huitwa O.1, na urahisi wake ni wa kupendeza. Fundi wa maabara huchukua kemikali anayoipima na kuichanganya na selulosi kavu, yaani nyuzi safi za mmea, kitu kilekile kinachounda karatasi, pamba na mbao. Hutengeneza michanganyiko miwili kwa uzito: mmoja wa nusu kwa nusu, na mwingine wenye sehemu nne za kemikali kwa moja ya selulosi. Huchukua gramu 30 za mchanganyiko na kuzifinyanga kwa faneli ya kioo hadi ziwe kichuguu chenye kitako cha milimita 70. Chini ya kichuguu hupita waya wa nikeli na kromiamu, na umeme ukiwashwa waya hutoa joto la wati 150 hivi. Saa huanza kuhesabu umeme unapowaka na husimama moto mkuu unapokwisha. Cheche za kurukaruka baada ya hapo hazihesabiwi. Zoezi hurudiwa mara tano ili bahati isiamue matokeo.

Maandalizi ndiyo yenye kazi. Selulosi hukaushwa kwa nyuzijoto 105 kwa saa nne, kwani unyevu kidogo tu unaweza kuuchelewesha moto na kuifanya kemikali kali ionekane pole. Sampuli yenye unga mwingi laini, au inayosagika kirahisi, husagwa yote kabla ya kupimwa. Sababu ni kwamba chembe ndogo hugusana zaidi na selulosi, nayo maabara inataka kujua hali mbaya inayoweza kutokea, si ile nzuri inayoonekana siku gunia likiwa jipya. Bidhaa iliyotoka kiwandani ikiwa punje ngumu hufika sokoni imesagika chini ya mizigo mingine, na kipimo kimelikumbuka hilo.

Kuna swali ambalo msomaji makini wa Nairobi atauliza. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Je, sekunde zilizohesabiwa hapa zinalingana na za pwani, au za Ulaya? Jibu ni kwamba sekunde peke yake hazihukumu. Kila maabara huchoma pia mchanganyiko wa kulinganishia, chini ya paa lilelile na kwa waya wa aina ileile. Katika kipimo cha O.1, kemikali ya kulinganishia ni potasiamu brometi iliyochanganywa na selulosi kwa viwango vitatu: tatu kwa saba, mbili kwa tatu, na tatu kwa mbili. Ni kama mbio: mwanariadha wa Iten hashindanishwi na muda uliowekwa Mombasa, bali na waliosimama naye mstarini asubuhi hiyo. Kemikali ikiungua haraka kuliko mchanganyiko mkali zaidi, ule wa tatu kwa mbili, inaingia kundi la kwanza la ufungashaji, la hatari kubwa kabisa. Ikienda sawa na ule wa kati au kuushinda, ni kundi la pili. Ikienda sawa na ule dhaifu au kuushinda, ni kundi la tatu. Ikishindwa na yote mitatu, au isipowaka kabisa, haitaingizwa katika jamii hii.

Potasiamu brometi yenyewe ina kisa. Waokaji wa nchi nyingi waliitumia kuupa unga wa ngano nguvu ya kuumuka, maana uoksidishaji huo huimarisha kinyunya. Uingereza iliipiga marufuku kwenye mkate mwaka 1990, na mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ikawa fundi anayepima hatari ya wengine anashika hatari nyingine mkononi. Mwaka 2013 kikaingia kipimo kipya, O.3, kinachotumia kalsiamu peroksaidi badala yake. Kichuguu ni kilekile cha gramu 30, ila sasa kinakaa juu ya mizani iliyounganishwa na kompyuta. Badala ya jicho la mtu kuamua moto umekwisha lini, mizani hurekodi uzito unavyopungua, na kasi huhesabiwa katika kipande cha kati, kati ya asilimia 20 na 80 ya uzito uliopotea. Mwanzo wenye kusitasita na mwisho wenye moshi huachwa nje ya hesabu. Matokeo ya kipimo cha zamani bado yanakubaliwa, lakini kipya kina faida mbili: hakimtii fundi hatarini, na hakitegemei macho yake.

Matokeo haya hufundisha mambo ambayo jina la kemikali pekee haliwezi kufundisha. Chukua sodiamu daikloroisosaianureti, kiungo cha vidonge vingi vya kutibu maji vinavyogawiwa nyakati za kipindupindu. Ikiwa kavu kabisa, huainishwa kuwa kioksidishaji. Ikiwa imeshika molekuli mbili za maji ndani ya fuwele zake, kanuni za usafirishaji husema haifikii vigezo vya jamii hiyo. Kemikali ni moja na klorini ni ileile, lakini maji kidogo yaliyofungwa ndani ya fuwele hunywa joto na kuupunguza moto kasi. Vivyo hivyo kwa kalsiamu naitreti, mbolea maarufu katika mashamba ya maua ya Naivasha. Ile ya kibiashara, yenye amoniamu naitreti isiyozidi asilimia 10 na angalau asilimia 12 ya maji ya fuwele, imeondolewa kwenye masharti ya vioksidishaji. Kalsiamu naitreti kavu haijaondolewa.

Mfano wa karibu zaidi na mkulima wetu ni CAN, mbolea ya kukuzia mahindi ambayo agroveti za Kawangware huwauzia wenye mashamba mashambani na wenye mboga za magunia uani. CAN yenye naitrojeni asilimia 26 ina amoniamu naitreti kiasi cha robo tatu. Kinachobaki ni chokaa. Amoniamu naitreti tupu ni kioksidishaji kamili. Ikichanganywa na kalsiamu kaboneti na kubaki chini ya asilimia 80, inatoka katika orodha hiyo. Chokaa hiyo basi si ya kujaza gunia wala si ulaghai wa mfanyabiashara. Ndiyo inayoifanya mbolea hiyo iweze kukaa dukani bila kibandiko cha manjano cha vioksidishaji.

Hata hivyo, kipimo chochote kina mipaka yake, na mtaalamu asiyeitaja mipaka hiyo anapotosha. Gramu 30 hazisemi kila kitu kuhusu tani elfu moja. Amoniamu naitreti ikirundikwa kwa wingi na kupata joto kwa muda mrefu hubadilika tabia kabisa, na ndiyo maana mbolea zake sasa zina utaratibu wake wa uainishaji katika mwongozo huohuo wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City huko Marekani, meli ya Grandcamp ilikuwa imepakiwa mbolea hiyo ikiwa imepakwa nta na kufungwa katika mifuko ya karatasi. Kioksidishaji, nta na selulosi vilikuwa vimelazwa pamoja kama mchanganyiko wa maabara, ila kwa maelfu ya tani. Moto ulipoonekana, milango ya ngama ilifungwa na mvuke ukaingizwa ili kuuzima kwa kuunyima hewa, na mzigo usiharibiwe na maji. Lakini mzigo ulikuwa na oksijeni yake. Meli ililipuka na takriban watu 580 wakafa katika mkasa huo.

Mkasa wa Beirut wa tarehe 4 Agosti 2020 unatugusa kwa karibu zaidi. Tani 2,750 za amoniamu naitreti zilizolipuka katika ghala la bandari ile na kuua zaidi ya watu 200 zilikuwa zimeondoka Georgia mwaka 2013 katika meli ya Rhosus, zikielekea Beira, Msumbiji. Hazikufika. Zilizuiliwa Beirut, zikashushwa, zikakaa ghalani kwa miaka. Uainishaji wake ulijulikana na karatasi zake zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuheshimu yaliyoandikwa humo.

Kipimo pia hakisemi lolote kuhusu sumu au kuhusu kemikali mbili kukutana. Klorini ya unga ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Aina mbili tofauti za klorini ya bwawa zikichanganywa zinaweza kuwaka zenyewe. Pasalfeti za saluni zinajulikana kuwaletea wasusi pumu. Kibandiko cha manjano chenye mwali juu ya duara kinajibu swali moja tu, la moto. Maswali mengine yako kwenye karatasi ya maelezo ya usalama inayopaswa kuandamana na bidhaa.

Na hapa ndipo tunaporudi Kawangware, kwa sababu karatasi hiyo haifiki. Ndoo ya klorini huingia Nairobi ikiwa na alama zote: nambari ya Umoja wa Mataifa, alama ya mwali juu ya duara, neno la tahadhari, jina la mtengenezaji. Muuzaji wa jumla huiuza ikiwa kamili. Muuzaji wa rejareja huifungua, kwa sababu mteja wake hana pesa za kilo 40. Ana shilingi chache za robo. Uchumi wa kadogo ndio unaowalisha watu mitaani, na asiyeuelewa asijaribu kuuhukumu. Lakini kinachopimwa kwenye karatasi ya nailoni ni unga mweupe usio na jina. Akifika nyumbani, mteja anauweka chini ya meza, kando ya mafuta taa na magazeti ya kuwashia jiko. Huo ndio mchanganyiko wa maabara, umetengenezwa na mtu ambaye hakuambiwa kitu.

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, pamoja na kanuni za vitu hatari za mwaka huohuo, zinataka kemikali hatari ziwe na vibandiko na maelezo ya usalama. Tatizo ni kwamba utekelezaji huangalia viwanda na maghala, nako mtaani kunachukuliwa kama nje ya ramani. Kwa maoni yangu, anayefungua ndoo na kuigawa upya ni mfungashaji, na wajibu wa mfungashaji unamhusu. Ila si haki kumwachia mzigo huo mwenye kibanda peke yake, wakati mwenye taarifa ni mwagizaji.

Dawa yake ni rahisi. Mwagizaji wa klorini au pamanganeti aweke ndani ya kila ndoo karatasi ya vibandiko vidogo, vingi vya kutosha vipimo vya rejareja, vikiwa na jina la bidhaa kwa Kiswahili, alama ya mwali juu ya duara, na maneno haya: weka mbali na mafuta, karatasi na asidi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya ndoo yenyewe. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ambalo tayari hukagua bidhaa za aina hii, linaweza kulifanya sharti, na maafisa wa kaunti wanaotoa leseni za biashara wanaweza kuliangalia wanapopita.

Wakati tukisubiri, mwenye duka na mwenye nyumba wana la kufanya leo. Klorini, pamanganeti na blichi ya saluni zikae kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, rafu tofauti na mafuta taa, rangi, vumbi la mbao, makaa na magazeti. Zisipimwe kwa kijiko kilichotoka kwenye sukari au mafuta. Zilizomwagika zisifagiliwe pamoja na takataka na kurudishwa ndooni. Ndoo tupu isitumiwe kuwekea mafuta. Na moto ukitokea penye kemikali hizi, blanketi na mchanga havitasaidia kitu, kwa sababu moto huo hautegemei hewa ya chumba. Unahitaji maji mengi, yamwagwe kutoka mbali, huku watu wakiwa wametoka nje. Kizima moto cha poda chenye chumvi za amoniamu kisielekezwe kwenye klorini.

Usijaribu kufanya kipimo hiki nyumbani. Kimefanywa tayari, na watu wenye vifaa vyake. Ukienda kununua klorini ya kupima, mwombe mwenye duka akuonyeshe ndoo ilikotoka, usome kibandiko chake kabla hujalipa. Asipokuwa nayo, nunua kwingine.